Kodi za Kinanda na Kazi Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na wapiga vinanda na walimu wa kwaya wa Moshi na Arusha, wengi wao watu waliojifunzia kanisani, wanaosoma solfa haraka kuliko nota za mistari. Kwa sababu hiyo maelezo yote yamefuata do, re, mi. Panapohitajika majina ya vibonyezo nimeandika C, D, E, na kama sikusema vinginevyo, do ni C.

Kodi ina "kazi" gani? Si ni nota tatu zinazolia pamoja tu?

Zikilia peke yake, ndiyo, ni nota tatu tu. Kazi huanza pale kodi inapoingia kwenye kii, yaani kundi la nota lenye nyumba yake moja (do), na kuwa na jirani mbele na nyuma.

Bonyeza C-E-G. Ukiwa kwenye kii ya C, umefika nyumbani na wimbo unaweza kuishia hapo. Ukiwa kwenye kii ya F, vidole vilevile, sauti zilezile, kodi hiyo haitulii: inataka uende F. Ukiwa kwenye kii ya G, kodi ya C ni mahali pa kuondokea, umeacha G na bado hujafika popote. Kwa hiyo anayeuliza "kodi ya C ina kazi gani?" hajamaliza swali. Amalizie: kwenye kii ipi, imetoka wapi, inakwenda wapi?

Kazi zenyewe ni tatu. Toniki ni utulivu. Dominanti ni mvuto wa kurudi kwenye utulivu. Subdominanti ni kuondoka, na mara nyingi huandaa njia ya dominanti. Kodi zote za kii zinaangukia humo, nyingine zikiwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Aliyeziandika kwa herufi T, S na D ni Mjerumani Hugo Riemann, katika kitabu cha mwaka 1893. Ni sadfa tu, lakini mwaka huohuo ndipo wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro na tenzi zao za sauti nne. Wapigaji wa huku wamezicheza T, S na D miaka yote hiyo bila kuziita hivyo.

Kila nota ya skeli nayo ina tabia yake?

Inayo, na kwa mtu wa solfa hapa ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kodi.

Imba polepole: do, re, mi, fa, so, la, ti. Nyamaza hapo. Kama kuna mtu mwingine chumbani atakumalizia do ya juu, hata kama hajawahi kukanyaga mazoezi ya kwaya. Ti iko nusu toni tu (kibonyezo kimoja hadi cha jirani yake) chini ya do, na katika skeli hakuna nota inayovuta kwa nguvu kama hiyo. Fa nayo iko nusu toni juu ya mi, na inapenda kushukia hapo. Nusu toni ziko mbili tu katika skeli ya meja, yaani hii ya do hadi do, nazo ni mi-fa na ti-do, na karibu mvuto wote wa muziki huu unatoka kwenye mianya hiyo miwili.

Zilizotulia ni do, mi na so. La huegemea so. Re inaweza kushuka kwenye do au kupanda kwenye mi, na ndiyo maana watunzi wanaipenda: haikulazimishi.

John Curwen, mchungaji wa Uingereza aliyeueneza mfumo wa solfa katika karne ya 19 juu ya msingi uliowekwa na mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich, alizifundisha nota hivyohivyo, kwa tabia. Kwake do ilikuwa nota imara, re ya kuamsha matumaini, mi tulivu, fa ya ukiwa, so yenye fahari, la ya huzuni, na ti yenye kuchoma. Unaweza kubishana naye kuhusu la. Kuhusu ti sijapata mwanakwaya aliyebisha.

So ina siri yake nyingine, ya kifizikia. Do ikitetemeka mara mbili, so iliyo juu yake hutetemeka mara tatu. Chukua A ya kupimia ala, yenye mitetemo 440 kwa sekunde. So yake ni E yenye 660. Kwenye kinanda cha umeme utapata 659.26, kwa kuwa vinanda vimepunjwa kidogo kila mahali ili kii zote 12 zilie vizuri. Uhusiano huo wa 2 kwa 3 ndio unaoifanya so isikike kama ndugu wa karibu wa do, na besi kuruka kutoka so kwenda do kusikika kama mlango unaofungwa.

Majina ya kitabuni kwa mpangilio ni toniki, supatoniki, midianti, subdominanti, dominanti, submidianti na liding toni. Yajue kwa ajili ya mtihani.

Kwa nini kodi ya kwanza, ya nne na ya tano zinatosha kwa pambio karibu lolote?

Kodi hupewa namba ya nota ya skeli inayoanzia. Zihesabu nota zake. Kodi ya kwanza ina do-mi-so. Ya nne ina fa-la-do. Ya tano ina so-ti-re. Skeli nzima imeshaingia, hakuna nota ya melodi iliyobaki bila kodi ya kuibeba. Na ni hizo tatu pekee zenye sauti ya meja katika kii ya meja.

Kutokana na hilo kuna njia ya haraka ya kumfuata mwimbishaji ambaye hakukuambia wimbo mapema. Akikaa kwenye mi, piga moja. Akikaa kwenye fa au la, piga nne. Akikaa kwenye re au ti, piga tano. Zinazohitaji uamuzi ni mbili tu: do, ambayo iko kwenye moja na kwenye nne, na so, ambayo iko kwenye moja na kwenye tano. Hapo sikiliza melodi inaelekea wapi. So inayokwenda kumaliza mstari kwenye do karibu kila mara inataka tano.

Nimesema "akikaa". Usibadilishe kodi kwa kila nota inayopita, labda uwe unapiga utenzi wa Kijerumani, ambao kwa asili yake hubadilisha kodi karibu kila pigo. Pambio linaweza kukaa kwenye kodi moja mistari miwili bila ubaya wowote, na mpigaji anayelilazimisha liende kama utenzi analichosha.

Kwa nini kwenye tano tunaongeza nota, iwe G7 badala ya G?

Nota inayoongezwa ni fa, ya saba ukihesabu kuanzia G, ndiyo maana ya ile 7. Sasa kodi inayo ti na inayo fa pia, yaani zile nota mbili zenye mvuto mkali, zikilia kwa pamoja. Umbali wa fa hadi ti huitwa traitoni, nusu toni sita, ambazo ni nusu kamili ya oktavu. Ti inavuta kwenda juu kwenye do, fa inavuta kwenda chini kwenye mi. Jaribu mkono wa kulia peke yake: bonyeza B na F, kisha C na E. Huna besi, huna nota ya tatu, lakini umesikia wimbo ukiisha.

Kama vidole vyako vina nafasi ya nota mbili tu, kazi ya dominanti iko kwenye hizo mbili. G yenyewe inaweza kushikwa na besi.

Wapigaji wa jazi wameendelea mbele ya hapo. B na F zinapatikana pia ndani ya kodi ya Db7 (Db ni D iliyoshushwa nusu toni), kwa hiyo wanaiweka Db7 mahali pa G7 na besi inateleza kutoka Db kwenda C. Kwenye ibada ya saa moja asubuhi sikushauri.

Ni kweli kwamba traitoni ni sauti ya shetani na kanisa liliipiga marufuku?

Hapana. Msemo wa Kilatini unaoihusisha traitoni na shetani ulienea kwenye maandishi ya walimu wa muziki wa karne ya 18, wakiutumia kuwakumbusha wanafunzi kwamba ni vigumu kuiimba na ni rahisi kuiharibu. Hakuna amri ya kanisa inayojulikana iliyoikataza. Na kila G7 inayopigwa Jumapili kuanzia Ngarenaro ya Arusha hadi Kiboriloni ya Moshi inayo ndani yake, kwa hiyo kama ingekuwa dhambi tungekuwa tumeshapotea wote.

Kodi ya pili na ya nne zinafanana sana. Nitumie ipi?

Zinafanana kwa sababu zote zina fa na la. Ya nne inaongeza do, ya pili inaongeza re. Kazi ni moja: kuondoka toniki na kuandaa dominanti. Ukiweka zote mbili pamoja unapata re-fa-la-do, ambayo mmoja ataiita Dm7 (D maina yenye nota ya saba) na mwingine F yenye nota ya sita.

Ubishi huu ni wa zamani. Jean-Philippe Rameau, Mfaransa aliyeanza kazi kama mpiga kinanda cha kanisa na kuandika kitabu chake maarufu cha hamoni mwaka 1722, aliiangalia kodi hiyohiyo na baadaye akasema ina matumizi mawili. Ikirudi kwenye do, ichukulie kama kodi ya fa. Ikienda kwenye so, ichukulie kama kodi ya re. Ameeleza vizuri kuliko nitakavyoweza.

Tofauti unayoisikia ni ya besi. Kutoka re kwenda so besi inaruka kwa nguvu, kutoka fa kwenda so inapanda hatua moja tu. Ukitaka mstari uende kwa kishindo tumia mbili-tano-moja. Ukitaka upole, nne-tano-moja. Na ile nne ina jambo moja ambalo mbili haiwezi: kurudi moja kwa moja kwenye toniki bila kupitia dominanti, kama kwenye "Amina" ya mwisho wa utenzi. Do inabaki palepale, fa inashuka kwenye mi, la inashuka kwenye so. Hakuna ti, kwa hiyo hakuna aliyesukumwa. Ukitia mbili mahali hapo Amina inachechemea.

Kodi ya sita ni ya huzuni. Inafanya nini kwenye wimbo wa furaha?

Inakaa badala ya toniki. La-do-mi ina nota mbili za kodi ya kwanza, hivyo sikio linaikubali kama mahali pa kutua, ila si pa kumalizia. Ndiyo maana mpigaji mjanja, kwaya ikitaka kurudia mstari wa mwisho, hupiga tano kisha sita. Kila mtu alishajiandaa kukaa chini, na ghafla hawezi. Mstari unarudiwa, na safari hii tano inakwenda kwenye moja kweli.

Usiitumie kila Jumapili. Waumini wakishaizoea hawashtuki tena, na iliwekwa pale ili ishtue.

Kuna mahali kwenye tenzi nakuta C-E-G lakini besi iko G. Hiyo ni moja au ni tano?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa majina na kazi vinaachana hapa waziwazi.

Ukizihesabu nota, ni do, mi na so, kodi ya kwanza iliyogeuzwa. Mwanafunzi anaandika I, moja ya Kirumi, na kuendelea. Lakini piga mwisho wa utenzi taratibu: F, kisha C yenye G chini, kisha G7, kisha C. Unapofika kwenye ile ya pili, umetulia? Hujatulia hata kidogo. Besi imeshafika so na haitoki hapo mpaka mwisho. Do na mi zilizo juu yake zinaning'inia. Kwenye kodi inayofuata do inashuka kwenye ti na mi inashuka kwenye re, na ndipo kodi ya tano inapokamilika. Kwa maneno mengine, kodi hiyo ni dominanti ambayo nota zake mbili zimechelewa kufika.

Ndiyo maana inawekwa kwenye pigo zito na tano inayofuata kwenye pigo jepesi. Ukigeuza, yaani ukiiweka kwenye pigo jepesi na tano kwenye zito, mchelewo haueleweki. Wapiga tarumbeta wa usharikani huku Kilimanjaro wanalijua hili kwa pumzi: anayeshika besi haruhusiwi kuvuta hewa kati ya kodi hizo mbili, maana so yake ni moja tu ndefu.

Mahali pengine nota hizohizo zinafanya jambo tofauti kabisa. Besi ikipita do, so, do, so kama kwenye mwendo wa machi, ile C yenye G chini ni toniki tu, besi inatembeza miguu. Nota zilezile, mgeuzo uleule, kazi mbili. Kuandika I au V juu ya karatasi hakukuambii kitu mpaka uisikilize inaelekea wapi.

Na kodi ya tatu? Na ya saba?

Ya saba, ti-re-fa, ni G7 iliyokosa G. Itumie kama dominanti.

Ya tatu, mi-so-ti, haina kwao. Ina nota mbili za toniki na mbili za dominanti. Inapendeza kama kipito, hasa melodi inaposhuka do-ti-la: moja, tatu, nne. Zaidi ya hapo iache ipumzike.

Mimi napiga kwenye C tu, halafu nabonyeza transpozi, kile kitufe cha kuhamisha kii. Kuna ubaya?

Ibada itaisha salama, na wapigaji wengi wa hapa wanafanya hivyo, wengine kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo kuna mahali utakwama. Kinanda chako kinasema C wakati kinalia Eb, mpiga gitaa anakuuliza uko kii gani unamjibu "C", na dakika mbili zinapotea mbele ya watu. Wimbo ukihamia kii nyingine katikati, kidole kinapaswa kwenda kwenye kitufe wakati mikono yote miwili ina kazi. Na ukialikwa kwenye kanisa lenye piano ya kawaida, kitufe hakipo.

Dawa yake ni kuacha kufikiri kwa C-F-G na kufikiri kwa moja-nne-tano. Chukua pambio moja unalolipiga usingizini. Lipige kwenye G: G, C, D. Kisha kwenye F: F, Bb, C. Kisha D: D, G, A. Wiki moja kwa kila kii inatosha kama unagusa kinanda kila siku. Utashangaa kwamba sikio lilishajua, vidole ndivyo vilikuwa nyuma.

Kwenye karatasi za solfa nakuta "fe" na "ta". Zinatoka wapi?

Fe ni fa iliyopandishwa nusu toni, ta ni ti iliyoshushwa nusu toni. Ukiziona, jua wimbo unachungulia kii ya jirani.

Fe inaifanyia so kile ambacho ti inaifanyia do: inaisukuma kutoka chini. Kodi ya re-fe-la-do, D7, inaifanya G isikike kama nyumbani kwa muda. Wengine huiita dominanti ya dominanti. Ta inafanya kinyume. Ukiipachika juu ya kodi ya kwanza unapata do-mi-so-ta, C7, na kodi ambayo ilikuwa nyumbani sasa inadai kwenda fa. Ukitaka kusikia kazi ikibadilika bila kodi kubadilika, shika C-E-G kwa mkono wa kushoto na uongeze Bb kwa mkono wa kulia.

Wimbo ukihamia moja kwa moja, do inahama. Karatasi za solfa huonyesha hilo kwa kiherufi kidogo kando ya nota, maana yake sauti uliyokuwa ukiiita so, kuanzia hapo iite do. Walimu wengi huruka hatua hii kwenye mazoezi na kuwaacha wanakwaya wabahatishe. Tenga dakika tano, waimbe nota hiyo moja kwa majina yote mawili, kisha endelea.

Tunapopandisha kii mwishoni mwa wimbo, kwaya inayumba. Nifanyeje?

Piga dominanti ya kii mpya kabla ya kuingia, tena yenye fa yake. Kutoka C kwenda D ni A7. Kutoka C kwenda Db ni Ab7. Ishike pigo zima, zima kabisa, na sauti ya juu ya mkono wako iwe ile nota ambayo soprano wataanza nayo, au ile iliyo jirani yake. Kwaya hazishindwi kupanda. Hazijaambiwa ni wapi pa kupandia.

Kwenye maina, yaani skeli inayoanzia la, inakuwaje?

Skeli ya la haina ti yake, maana chini ya la kuna so, na umbali ni toni nzima. Mvuto unakosekana. Ndiyo maana so hupandishwa iwe se, na kodi ya mi inakuwa meja: katika A maina, ni E7 badala ya Em. Subdominanti ni Dm, toniki ni Am. Ukiona G yenye shapu kwenye wimbo wa A maina, hiyo ni ti ya kukopa.

Kuna nyimbo zinazokataa kukopa na kubaki na Em. Zinasikika za kale zaidi, na zaidi kama mduara kuliko safari. Usizirekebishe.

Sebene linazunguka kodi tatu dakika kumi. Nalo lina dominanti?

Kodi ya tano ipo, ila kazi yake imepungua. Katika utenzi, tano-moja inatokea mwishoni mwa mstari, na sikio linaisubiri. Katika sebene mzunguko kama moja-nne-tano-nne hauna mwisho wa mstari. Kila kodi inapita haraka kurudi ilikotoka, na kinachobeba mwendo ni gitaa na mguu wa ngoma. Hapo kodi ni kama rangi ya sakafu, dansi iko juu yake.

Bongo Fleva ina mtego wake. Mzunguko wa sita-nne-moja-tano, kwa mfano Am, F, C, G, unaweza kusikika kama uko A maina au C meja, na watunzi wengi hawataki uamue. Wanafunzi wawili wanaweza kubishana juu ya kii ya wimbo mmoja na wote wakawa na hoja. Sikiliza mwimbaji anatua wapi mwisho wa kiitikio, na kama anatua kwenye mi, ambayo iko ndani ya kodi zote mbili, basi ubishi uendelee.

Nyimbo zetu za asili zinafuata kanuni hizi?

Kanuni hizi zilikua Ulaya katika karne ya 17 na ya 18, na zina nguvu pale tu penye fa na ti zinazovutana. Nje ya hapo usizilazimishe. Wamaasai, ambao huhitaji kwenda mbali na Arusha kuwasikia, wana kiongozi wa wimbo, olaranyani, na kundi linalojibu kwa mikoromo mizito ya koo inayojirudia. Mwendo wake uko kwenye tabaka za mapigo na pumzi. Kumtafutia olaranyani kodi ya tano ni kumpotezea muda.

Kwa Wagogo wa Dodoma jambo ni la kuvutia zaidi, maana wao wanaimba kwa sauti nyingi kwelikweli. Mtafiti Gerhard Kubik ameeleza kwamba nota zao zinafuata mlolongo wa sauti za asili zinazojitokeza ndani ya sauti moja nzito, kuanzia ya nne hadi ya tisa: do, mi, so, ta iliyo chini kidogo kuliko ya kinanda, do, re. Angalia kinachokosekana. Hakuna fa, hakuna ti. Hamoni ipo tele, dominanti haipo, na haihitajiki.

Ukipanga wimbo wa namna hiyo kwa ajili ya kwaya, ushauri wangu ni kutotia G7 hata moja. Ukiitia, wimbo unavaa kanzu ya utenzi papo hapo.

Kwa nini sauti mbili hazitakiwi kuimba ti kwa pamoja kwenye kodi ya tano?

Kwa sababu ti zote mbili zitataka kwenda do, zitaburuzana sambamba, na zitafunika sauti nyingine. Soprano akiwa na ti, mwimbaji wa tena (tenor) mpe re au so. So inaweza kurudiwa bila madhara.

Wapi huku naweza kusoma haya darasani?

Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River, njiani kati ya Arusha na Moshi, kinatoa shahada ya muziki. Kwa asiyetafuta shahada, mwalimu wa kwaya mwenye subira na kinanda cha kuazima vinatosha kufika mbali.

Tukiimba bila kinanda, tunaanza kwenye G na tunamaliza karibu na F shapu. Kosa la nani?

Watu huwalaumu soprano. Wakati mwingine ni wao: ti iliyoimbwa kivivu, isiyofika juu inakotakiwa, inavuta kila kitu chini, na mi ya kodi ya meja hufanya vivyo hivyo. Waambie waimbe ti wakiwa tayari wanaifikiria do.

Lakini kuna kushuka kunakotokea hata kwa kwaya inayoimba safi kabisa, na kunatokana na kodi zenyewe. Chukua mzunguko wa moja-sita-mbili-tano-moja. Kwenye sita, la inapimwa kutoka do na mi. Kwenye mbili, re inapimwa kutoka la hiyo. Kwenye tano, so inapimwa kutoka re hiyo, na mwishowe do mpya inapimwa kutoka so hiyo. Kila hatua ikiwa safi bila kupunjwa, do ya mwisho inatua chini ya ile ya mwanzo kwa uwiano wa 80 kwa 81, kama sehemu moja ya tano ya nusu toni. Rudia mzunguko mara tano na umeshuka nusu toni nzima, G imekuwa F shapu, na hakuna aliyekosea.

Kinachosababisha ni re. Re iliyo safi kwa la iko chini kidogo kuliko re iliyo safi kwa so. Kwenye kinanda tofauti hiyo ilishafutwa kiwandani, kwenye koo bado ipo. Tafuta kodi ya mbili kwenye wimbo wenu, mwambie anayeimba re aishike juu kidogo, kana kwamba tano imeshafika, kisha pima tena mwishoni kwa filimbi ya kutafutia sauti. Kama bado mnashuka, basi warudie soprano.